Kabla Maji Hayajapwa

Jumamosi, 2 Septemba 1871

Mwalimu Illsley amenipa daftari hili kwa kuwa nimemaliza kitabu cha nne cha kusoma. Ameniagiza niandike ukweli, kwa sentensi zilizonyooka, na nisijipambe. Naitwa Thirza Woodworth. Nina umri wa miaka kumi na minne, nami naishi na Baba na Bibi Keziah, mama yake Baba, hapa Kijito cha Bezanson, Nova Scotia. Mama alifariki nikiwa mdogo. Nakumbuka mikono yake kuliko uso.

Leo tumekusanya nyasi za mbugani mpaka mgongo wa Baba ukagoma. Kesho alasiri kuna ubatizo, maji yakijaa.

Jumapili, 3 Septemba

Sijui kama Mwalimu angependa niandike haya, lakini alisema ukweli.

Ndugu wawili wa ukoo wa Kinsman walikuwa wabatizwe leo. Sisi Wabaptisti hatunyunyizi maji ya bakuli kama Wamethodisti. Tunamzamisha mtu mzima, na kijito chetu ni mkono wa bahari. Kikijaa, farasi huogelea humo. Kikipwa, hubaki tope jekundu na kijimfereji ambacho hata bata hakimloweshi kifua. Basi siku ya ubatizo tunaitafuta kwa kuutazama mwezi, na saa yake hupangwa na bahari.

Mchungaji Obed Pineo alianza kuhubiri ukingoni maji yakiwa yamefurika. Amehubiri hapa tangu Bibi akiwa msichana. Hana karatasi, hana saa. Sauti yake huanza chini, kama ya mtu anayembembeleza ng'ombe, kisha hupanda mpaka inakuwa wimbo, na akishafika kwenye wimbo hakuna wa kumshusha. Leo alikuwa anavuka Yordani pamoja na Yoshua. Sisi tuliokuwa nyuma tuliona mstari wa unyevu ukijitokeza kwenye nguzo za daraja. Shemasi Ezra Bezanson akakohoa. Akakohoa tena.

"Ezra, kunywa maji," Bibi akamnong'oneza, "yangali yapo."

Mchungaji aliposema Amina na kufumbua macho, kijito kilikuwa kimekwenda zake. Jehu Kinsman, yule mkubwa, akajitosa hivyo hivyo kwa moyo mkunjufu, akazama mpaka magotini topeni, akatoka na kiatu kimoja. Juu ya tuta linalozuia bahari alikuwa amesimamisha gari lake Bwana Asaph Coldwell, Mmethodisti.

"Poleni, jamani!" akapaza sauti. "Njooni kwetu. Bakuli letu halipwi!"

Watu walicheka, hata wa kwetu. Mchungaji hakucheka wala hakukasirika. Alisimama akilitazama tope, kofia mkononi, mpaka Shemasi akamshika kiwiko na kumwambia, "Twende nyumbani, Mzee."

Jumatatu, 4 Septemba

Shule imefunguliwa. Kutwa nzima watoto wa Kimethodisti wameniuliza kama nimeoga.

Jumamosi, 9 Septemba

Kanisa limekutana. Shemasi Bezanson alisimama akasema kwamba Mchungaji Pineo ametumika vya kutosha na wakati umefika wa kumwita kijana aliyesoma chuoni. Kijana huyo yuko tayari, atafika katikati ya Novemba. Kisha akaomba mikono. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mikono ikainuka mmoja mmoja, Baba akiwa miongoni mwao. Bibi alikaa juu ya mikono yake miwili.

Nilimtazama Mchungaji. Naye alikuwa ameinua wake.

Tulipovuka daraja Bibi akamgeukia Baba.

"Umemfukuza mtu aliyekuzikia mkeo."

"Mama, sijamfukuza mtu. Hata yeye mwenyewe kainua mkono."

"Angefanya nini? Angejishika koti asijitoe?"

"Ezra anasema kanisa linachekwa."

"Ezra! Ezra alizaliwa akiwa na mapambo ya shemasi, yaani uso mrefu na kikohozi."

Nilicheka, kisha nikakumbuka jambo ambalo limenikaa rohoni tangu majira ya kuchipua. Nataka kubatizwa. Mchungaji Pineo ndiye aliyemzamisha Mama katika kijito hiki. Nataka mkono ule ule unizamishe mimi. Sina kitu kingine cha Mama ambacho bado kina joto. Sasa nina mpaka Novemba tu.

Nilimwambia Bibi tukiwa tunakamua.

"Usiniambie mimi," akasema, akisukuma ng'ombe kwa paji la uso. "Kaliambie kanisa."

Jumamosi, 23 Septemba

Nimempelekea Mchungaji mkate wa tufaha. Macho yake yamechoka, kwa hiyo nilimsomea Maandiko, na kila niliporuka neno alilirudisha mahali pake bila kugeuza kichwa.

Kisha alizungumza. Zamani, alisema, alitembea kwa viatu vya theluji kutoka nyumba hadi nyumba, na kila nyumba ilikuwa na kiti kilichoitwa kiti cha Obed. Walimlipa kwa matufaha, sufu, na soksi. Mwaka mmoja alipata soksi nyingi kuliko siku za kuzivaa. Alibatiza watu barafu ikiwa imekatwa kwa shoka, wakatoka wakiimba, nywele zao zikigongana kama shanga.

"Hawakuugua?"

"Hawakuwa na nafasi, mwanangu. Mama yangu alikuwa amewasha moto ukingoni, na kila mtu alikuwa na jambo la kumwambia mwenzake. Siku hizi watu wakitoka majini wanakimbilia magari yao."

Akatazama dirishani, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila mti wa tufaha na kuku. Nadhani yeye aliona moto ule.

Jumatano, 27 Septemba

Tunachuma matufaha. Mikono yangu inanukia hata baada ya sabuni.

Jumamosi, 7 Oktoba

Nitaandika kwa utaratibu ili nisilie tena.

Kwetu mtu hapokewi kwa ubatizo kwa kusema tu anataka. Husimama katika mkutano wa Jumamosi ya kwanza ya mwezi, akasimulia yaliyompata moyoni, na kila mkono lazima uinuke. Mkono mmoja ukibaki chini, unangoja. Wengine husimulia ndoto, nuru, sauti shambani. Mimi sikuwahi kusikia sauti shambani ila ya Baba. Kwa hiyo niliandika ushuhuda wangu kwenye karatasi, nikaugawa sehemu tatu, nikaweka aya ya Biblia chini ya kila sehemu. Mwalimu Illsley aliusahihisha, nikaukariri.

Niliusema wote bila kukwama. Nikaketi. Mikono ikainuka, nami nikaona kama dirisha limefunguliwa. Mkono wa Shemasi Bezanson ulibaki magotini.

"Binti Thirza," akasema, "sijasikia kosa hata moja. Hapo ndipo pananitatiza. Mtu akitoka mtoni huwa amelowa. Wewe umetuletea nguo kavu zilizopigwa pasi."

"Ezra, mtoto huyo!" Bibi akasema kwa sauti.

"Namheshimu, Dada Keziah, ndiyo maana simdanganyi."

Nilimgeukia Mchungaji. Nilijua atanitetea. Akasugua magoti yake kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Shemasi amenena vyema. Ngoja kidogo, mwanangu."

Kidogo! Ana kidogo gani cha kunipa?

Jumapili, 8 Oktoba

Nilikwenda kanisani. Sikuimba.

Ijumaa, 13 Oktoba

Baridi kali alfajiri. Mwalimu aliniuliza mambo yamekwendaje. Nikasema vizuri. Hiyo si sentensi iliyonyooka.

Jumamosi, 21 Oktoba

Mvua ya ubavu tangu asubuhi. Bibi alinituma kwa Mchungaji na chungu cha mchuzi wa maharage. Nilipofika nyuma ya nyumba nilimkuta Shemasi Bezanson peke yake, kofia ikichuruzika, akipakua gari zima la mwani na kuushindilia kwenye msingi wa nyumba ili baridi isipite chini ya sakafu. Kila mtu hapa hufanya hivyo kabla ya theluji, lakini kila mtu huifanyia nyumba yake.

Nilitaka kurudi kimyakimya. Akaniona.

"Usisimame kama kisiki. Uma ule pale."

Nikaweka chungu, nikashika uma. Mwani uliolowa ni mzito kama mbuzi mfu. Tulifanya kazi upande mzima. Ndani tulimsikia Mchungaji akiimba peke yake, akikatiza wimbo ili kuuliza miwani yake iko wapi.

"Unanichukia," Shemasi akasema.

"Sikuchukii, Shemasi." Kisha nikakumbuka kuhusu ukweli. "Kidogo."

"Afadhali. Kidogo kinavumilika." Akakanyaga mwani kwa buti. "Unadhani nimemtoa Mzee kwa ajili ya maneno ya Coldwell? Coldwell anasema upuuzi tangu tukiwa watoto. Mimi ndiye ninayemshika Mzee kiunoni akiwa majini. Zamani ilikuwa kama kumshika fahali. Juni hii nilishika koti tupu. Siku maji yatakapomvuta, nitamfuata mpaka baharini, na huyo anayebatizwa atatufuata sisi."

"Kwa nini hukuliambia kanisa hivyo?"

"Niwaambie ameisha, naye amekaa pale anasikia? Bora wanione mimi mbaya. Uso wa ubaya ninao."

Alinikabidhi chungu, akaniambia nisimweleze Mzee nani ameleta mwani. Mzee alidhani ni Baba yangu. Sikumsahihisha.

Nikarudi nyumbani mvuani. Nilipofika darajani nikagundua kwamba midomo yangu inakwenda. Nilikuwa namwombea Ezra Bezanson, mgongo wake na ng'ombe wake, na nilikuwa nimekwisha kufika mbali.

Jumapili, 29 Oktoba

Bwana Coldwell ametuletea pipa la maji ya tufaha. Bibi amelionja, akasema kwa Mmethodisti si baya.

Jumamosi, 4 Novemba

Nimesimama tena. Sikuwa na karatasi.

Nilisema, "Mara ya kwanza nilikuwa na maneno mengi. Leo nina jambo moja. Nilimchukia mtu wa kanisa hili. Kisha nikamwona akimtendea mzee wema mvuani, na hakutaka ajulikane. Nilipokuwa narudi nilijikuta namwombea kabla sijaamua kumwombea. Sijui nani alianza. Najua si mimi." Nikaketi, maana yalikuwa yameisha.

Masikio ya Shemasi yalikuwa mekundu kama matufaha.

"Ilikuwa lazima ulitaje hilo?"

"Sikukutaja jina, Shemasi."

"Mwani unaning'inia kwenye gari lake mpaka leo," Bibi akasema kutoka nyuma, "kisha anataka siri."

Kanisa zima lilicheka, na Baba akapiga goti lake. Mchungaji alikuwa ameinamisha kichwa, akitazama viatu vyake, nadhani akiuhamisha mwani ule kutoka kwa Baba kwenda kwa Shemasi. Kisha akauliza, "Ndugu Ezra, je, amelowa?"

"Amelowa, Mzee," Shemasi akasema, na mkono wake ukatangulia mingine yote.

Nitabatizwa Jumapili ijayo, tarehe kumi na mbili. Mwezi utakuwa mwandamo, kwa hiyo ni maji ya bamvua, yale yanayopanda kuliko yote, yatajaa adhuhuri. Hakuna Jumapili nyingine. Ile itakayofuata maji yatajaa alfajiri na magharibi, tena mafu, yasiyopanda sana, na kijana wa chuoni atakuwa amekwisha kufika. Baba anasema tusipowahi, nitangoja barafu iyeyuke, na mkono utakuwa mwingine.

Jumatano, 8 Novemba

Bibi anashona vipande vizito vya risasi kwenye pindo la gauni langu jeupe ili lisielee. Lilikuwa gauni la Mama. Limenifika mguuni sawasawa.

Ijumaa, 10 Novemba

Mchungaji anakohoa. Shemasi alikwenda kumwambia, "Mzee, Jumapili hubiri kwa kifupi." Akajibiwa, "Nitajitahidi, Ezra, lakini kumbuka haikuwahi kuwezekana."

Jumapili, 12 Novemba

Asubuhi kulikuwa na barafu nyembamba pembezoni mwa kijito, kama ganda la kitunguu. Ibada ilikwisha mapema. Tukashuka ukingoni sote, na watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona. Walikuja hata waliohamia ng'ambo ya mlima. Wamethodisti walikuwa juu ya tuta, Bwana Coldwell mbele yao, safari hii kofia mkononi. Maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye majani, yametulia, rangi ya chai yenye maziwa.

Mchungaji hakufungua Kitabu. Alisema, "Nimeambiwa nifupishe. Basi sitahubiri. Nitawataja tu wale niliowashusha hapa."

Akaanza. Alianza na waliokufa zamani, majina ambayo nimeyaona kwenye mawe ya makaburi tu, na kila jina akalipa neno lake. Tamar Kinsman, aliyekuja na mtoto mgongoni akamwachia mke wa Mchungaji. Silas Coldwell, baba yake Asaph, kabla Wamethodisti hawajamwiba. Hapo juu ya tuta mtu alicheka na kujifuta macho. Keziah Woodworth, aliyesema maji ni ya moto ili mumewe aingie. Ezra Bezanson, aliyetetemeka kwa baridi akadai ni dhambi zinamtoka.

Sauti yake ilipanda ikafika kwenye wimbo. Watu walijibu kila jina, wengine kwa Amina, wengine kwa kilio kidogo tu. Nilimwona Shemasi akigeuka kutazama nguzo za daraja. Mstari wa unyevu ulikuwa umetokea. Alifungua mdomo, akaufunga. Nani angemkatiza? Kila nyumba ilikuwa inangoja majina yake. Mjane mmoja wa ukoo wa Illsley, aliyesimama karibu nami, alikuwa ameshika mikono kifuani kama mtu anayengoja kuitwa. Bibi hakunong'ona chochote. Mimi pia nilikuwa nangoja. Nilikuwa natetemeka ndani ya blanketi, naona maji yakiacha majani, kisha yakiacha tope la kwanza, na bado sikutaka anyamaze, kwa sababu alikuwa hajafika.

Kisha akafika.

"Dada Lydia Woodworth," akaimba, "aliyeingia akicheka, akazama akicheka, akaibuka akicheka, hata nikadhani sikumbatiza bali nimemtania."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba Mama alicheka. Nilimtazama Baba. Alikuwa amefunika uso kwa kofia.

Nikavua blanketi. Sikuamua, miguu ilikwenda. Nilipita kando ya Mchungaji, nikaingia majini. Baridi ilinishika kama mdomo wa mnyama. Nilikwenda mpaka katikati ya kijito, na hata pale maji yalifika kiunoni tu. Nikageuka, nikasimama, nikamtazama. Alikuwa anataja jina jingine. Maji yalishuka chini ya kiuno. Risasi za Bibi zilinivuta gauni chini, nikasikia mkondo ukinipitia kwenda baharini.

Macho ya Mchungaji yalinipata. Alikomea katikati ya jina.

"Lo," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Ezra, mtoto yumo."

Wakaja wote wawili, Shemasi akimshika kiunoni kwa mikono miwili. Walipofika maji yalikuwa mapajani pangu. Hayakutosha kumzamisha mtu aliyesimama. Shemasi alitikisa kichwa.

"Mzee, hayatoshi."

"Yanamtosha mtu aliyepiga magoti," Mchungaji akasema, naye akapiga magoti. Yule mzee, mwenye kifua kinachokohoa, alipiga magoti katika tope la Novemba, maji yakamfika kifuani. Nami nikapiga magoti mbele yake. Akaniwekea mkono mmoja mgongoni na mwingine juu ya mikono yangu. Mkono wake haukuwa na joto hata kidogo. Ulikuwa baridi kama wangu, nao ulitetemeka, lakini haukuniachia. Akasema maneno, akanilaza chini.

Chini ya maji palikuwa pekundu na kimya.

Nilipoibuka nilisikia watu wakiimba, pamoja na wale wa juu ya tuta. Mchungaji alijaribu kusimama, hakuweza. Tope lilikuwa limemshika. Shemasi alivuta upande mmoja, akaniambia, "Shika huko, Dada Thirza." Ni mara ya kwanza kuitwa hivyo. Nikashika. Nililihisi lile koti tupu aliloniambia. Tulimwinua polepole, na tulipofika ukingoni kijito kilikuwa kimebaki uzi.

Nyumba yetu ndiyo iliyo karibu. Bibi alimkalisha mbele ya jiko la kuni, amefungwa mablanketi mpaka kidevuni, miguu kwenye beseni la maji ya haradali. Watu walijaa jikoni, wengine mlangoni, wengine nje ya dirisha, na hakuna aliyekimbilia gari lake. Bwana Coldwell alileta kuni bila kuombwa.

Meno ya Mchungaji yalipoacha kugongana, alitazama huku na huku.

"Sikumaliza," akasema. "Nilikuwa nimefika wapi?"

Watu walitazamana. Kila mmoja alikumbuka jina la kwao tu.

"Kwa Mama, Mchungaji," nikasema. "Ulikuwa ndiyo kwanza umetoka kwa Mama."

"Kweli," akasema. "Aliyecheka."

Akaendelea kutoka hapo. Hakuimba tena, hakuwa na pumzi. Alisema kwa sauti ya chini, jina baada ya jina, naye Bibi akimnywesha maziwa ya moto katikati. Yule mjane wa ukoo wa Illsley alilipata lake, akaketi chini sakafuni akalia kwa raha. Mwanga ulipungua dirishani, na hakuna aliyeondoka kwenda kukamua. Mwishoni akafumba macho, tukadhani amelala. Kisha akafumbua jicho moja, akanitafuta.

"Dada Thirza Woodworth," akasema, "aliyeingia kabla sijamaliza."